Kambi na baiskeli Naivasha: tuanze na breki na helmeti za watoto

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwazungumzie wazazi wenzangu, pamoja na wale wanaotukodishia baiskeli, kuhusu jambo ambalo limeanza kuota mizizi katika familia nyingi za Nakuru, Nairobi na Kiambu: kuondoka nyumbani Jumamosi alfajiri pamoja na watoto, jamaa na marafiki, kulala kwenye hema, na kuendesha baiskeli porini hadi Jumapili alasiri. Nalipenda jambo hili kwa moyo wangu wote na natamani kuliona likienea. Kwa sababu hiyo hiyo nasikitika kuona linavyofanywa bila matayarisho, hasa kwa upande wa baiskeli wanazopanda watoto, ilhali kasoro hiyo inaweza kurekebishwa kwa gharama ndogo kabla mtoto wa mtu hajaumia.

Mahali ninapozungumzia ni Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha, umbali wa kilomita zipatazo 90 kutoka Nairobi. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka wa 1984 na ukubwa wake ni kilomita mraba 68 na ushei, kwa hivyo ni ndogo ikilinganishwa na Tsavo au Maasai Mara. Upekee wake ni kwamba ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli bila kuandamana na askari wa wanyamapori, huku punda milia, twiga, kongoni, pofu, swala na ngiri wakila nyasi kando ya njia. Anayeingia kwa lango la Elsa hukutana mapema na nguzo ya mwamba iitwayo Fischer's Tower, iliyopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika sehemu hizo mwaka wa 1883. Mwamba huo ni masalio ya volkano ya kale, na asubuhi pimbi huota jua juu ya mawe yake. Kutoka hapo njia hupita katikati ya majabali marefu mekundu hadi kwenye korongo la Ol Njorowa, kilomita saba au nane hivi kutoka langoni, na upande ule wa mbele huonekana mvuke wa Olkaria, ambako umeme wa jotoardhi ulianza kuzalishwa mwaka wa 1981.

Mtoto anayepitishwa njia hiyo ndani ya gari huuliza maswali mawili matatu kisha akarudi kwenye simu. Akiipita kwa baiskeli, husikia punda milia wakikata nyasi kwa meno, hunusa harufu ya vichaka vya leleshwa jua linapopanda, na hutambua kwa mapaja yake mwenyewe kwamba ardhi ambayo kwa macho ilionekana tambarare kumbe ina mwinuko. Pale ambapo njia imejaa majivu laini ya volkano, gurudumu la mbele huzama na usukani hujaribu kumponyoka. Baada ya kuanguka mara moja au mbili bila kuumia, hujifunza kupunguza gia mapema, kurudisha uzito wa mwili nyuma na kuendelea kukanyaga pedali badala ya kusimama ghafla. Mafunzo kama hayo hayapatikani darasani, nami nikiwa mwalimu nasema hivyo bila kusita.

Katika familia yetu, safari hizi huwa za nyumba kadhaa kwa pamoja: sisi, dada yangu na shemeji, na majirani ambao watoto wao wanasoma na wetu. Mama mkwe wangu, ambaye watoto wote humwita Nyanya hata wale wasio wajukuu wake, haendeshi baiskeli. Yeye huketi katika gari linalotufuata polepole, lililobeba mitungi ya maji, jiko la gesi, sufuria, mahema na mablanketi, na ndiye anayeamua ni nani amechoka na anayestahili kupumzika, hata mwenyewe akikana. Mtu mzima mmoja hutangulia na mwingine huwa nyuma kabisa. Mtoto haruhusiwi kumpita wa mbele wala kuachwa na wa nyuma. Tukiwaona nyati, yule wa mbele huinua mkono, sote tukashuka na kusimama kimya mbali nao mpaka kundi livuke. Ikiwa ni dume mzee aliyejitenga peke yake kichakani, hatungoji avuke, bali tunarudi taratibu tulikotoka hadi lilipo gari, kwa maana nyati wa namna hiyo ndiye wa kuogopwa kuliko wote. Watoto wameishika kanuni hiyo upesi kuliko baadhi ya watu wazima, ambao nimewaona wakisogea na simu mkononi ili wapate picha nzuri.

Jioni, chakula kikiwa jikoni, Nyanya huwasimulia watoto jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akipeleka maziwa kituoni kwa baiskeli ya Black Mamba, ile nyeusi na nzito ambayo wasomaji wenye umri wangu wanaikumbuka vizuri, mikebe ikiwa imefungwa nyuma kwa mipira, barabara ikiwa ni tope tupu. Huwaambia pia kwamba kila alfajiri, kabla ya kuifunga ile mikebe, mzee alikuwa akiinua gurudumu la nyuma, kulizungusha kwa mkono na kubana breki, kwa sababu maziwa yaliyomwagika yalikuwa karo ya shule iliyomwagika. Nayataja haya kwa kuwa bado kuna wanaotuambia kwamba kuendesha baiskeli milimani na kulala kwenye hema ni mambo ya Wazungu. Wazee wetu waliendesha baiskeli kwenye njia mbovu kuliko hizi, na waliitunza baiskeli kwa uangalifu ambao leo hatuuoni hata pale ambapo abiria wake ni mtoto.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu. Familia nyingi hazina baiskeli za kutosha kila mmoja, na hata wenye nazo mara nyingi hawana chombo cha kuzibebea, kwa hivyo hukodi huko huko. Katika safari yetu ya karibuni, mkodishaji mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha, alimpa mwanangu wa miaka kumi baiskeli ambayo raba za breki ya nyuma zilikuwa zimelika hadi chuma kikawa kinakwaruza rimu. Breki ya mbele nayo haikushika kitu, hata ukiubana wenzo wake mpaka ugusane na usukani. Baiskeli ya pili aliyoletewa ilikuwa na breki nzima, lakini ilikuwa ya mtu mzima. Kiti kiliteremshwa hadi mwisho na bado mtoto aligusa chini kwa ncha za vidole vya miguu tu, na vidole vyake vya mikono havikuufikia wenzo wa breki isipokuwa aulegeze kwanza mkono wake kwenye usukani. Niwaombe wasomaji wafikirie maana yake: ili mtoto asimame, ingembidi kwanza aache kuongoza, na hilo angelifanya kwenye mteremko wa changarawe.

Kijana mmoja fundi aliyekuwa karibu aliona tunavyohangaika, akachukua bisibisi, akakaza skrubu ndogo iliyo kwenye kishikio cha wenzo, nao ukasogea karibu na usukani kwa kiasi cha upana wa kidole. Akamwambia mtoto, "Bana tena, bosi." Mtoto akabana, gurudumu likasimama. Kazi hiyo ilikuwa ya muda mfupi mno na haikuhitaji kipuri chochote. Skrubu hiyo imo katika baiskeli nyingi za mlimani, lakini wakodishaji wengi hawaigusi kwa sababu hakuna mteja anayewaomba waiguse. Wateja tunauliza bei, tunapatana, tunashusha shilingi hamsini, kisha tunaondoka bila kuinua gurudumu hata moja.

Kuhusu helmeti, tuliambiwa zipo, nazo zilipoletwa zilikuwa mbili tatu za watu wazima, mikanda yake imelegea na moja ikiwa na ufa. Helmeti pana kwenye kichwa kidogo ni hatari ya aina yake, kwa maana mtoto akianguka huteleza kuelekea kisogoni na kuliacha wazi paji la uso, ambalo mara nyingi ndilo linalotangulia kufika chini. Inapaswa ikae sawasawa, ukingo wake wa mbele ukiwa juu ya nyusi kwa kiasi cha vidole viwili, na mkanda ubane chini ya kidevu kiasi kwamba helmeti haichezi anapotikisa kichwa. Yenye ufa isivaliwe na mtu yeyote, kwa kuwa povu lililo ndani yake limeundwa kupondeka badala ya fuvu, na likishapondeka mara moja haliwezi kufanya kazi hiyo tena.

Watu hupenda kusema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo una ukweli wake kwa yale yasiyotazamiwa, kama ngiri anayechomoka kichakani na kukata njia. Breki iliyokwisha haiwi ajali. Inajulikana tangu asubuhi na yeyote aliyeitazama. Ninachowaomba wakodishaji, wengi wao wakiwa vijana wanaojitafutia riziki kwa jasho na ambao ningependa biashara yao istawi, ni kila mmoja wao awe na baiskeli chache za watoto, zenye magurudumu ya inchi 20 na inchi 24, helmeti za ukubwa mbalimbali, na raba za breki za akiba. Wapandishe bei ya kukodi kidogo ili kulipia vitu hivyo na watueleze waziwazi kwamba ndiyo sababu. Mzazi mwenye akili timamu atalipa. Nao wazazi wasione haya kukagua kila baiskeli kabla ya kulipa: hewa ya tairi ibonyezwe kwa kidole gumba, breki zote mbili zijaribiwe gurudumu likizunguka, mnyororo utazamwe usiwe umekauka au kulegea, na mtoto aendeshe mita chache mbele ya mwenye baiskeli, asimame na kuondoka tena. Tyubu ya akiba na pampu zisikosekane, kwa maana miiba ya migunga haimjui mgeni wala mwenyeji.

Kwa madereva wanaoingia na magari, ombi langu ni fupi: wapunguze mwendo wanapozikaribia baiskeli na wasipige honi nyuma ya mtoto. Vumbi la huko ni jembamba kama unga, na gari likipita kwa kasi, mwenye baiskeli hubaki hapati kuona mbele kwa muda wa kutosha kumtoa njiani.

Jambo la pili lenye uzito, na ambalo siwezi kuliacha katika barua inayohusu familia, ni korongo la Ol Njorowa. Ni mahali pa kupendeza sana, penye kuta zilizochongwa na maji na chemchemi za maji moto, na watoto wakishafika kwa baiskeli hutaka kuteremka mara moja. Mnamo Aprili 2012 kikundi cha kanisa kilikumbwa humo na mafuriko ya ghafla na watu saba wakafariki. Mnamo Septemba 2019 mafuriko yakarudi na kuwaua tena watu saba. Maji hayo si lazima yatokane na mvua iliyonyesha mahali uliposimama. Mvua ikinyesha kwenye miinuko iliyo mbali, maji yote hukusanywa na vijito na kuingizwa katika njia moja nyembamba yenye kuta ndefu, hivyo ukuta wa maji huweza kumfikia mtu aliye chini ya anga ambayo haina hata wingu. Kwa sababu hiyo, swali la kumuuliza mwongozaji haliwezi kuwa "kutanyesha hapa?" pekee, bali pia "kumenyesha kule juu tangu jana?" Akiwa na shaka, basi jibu limeshapatikana, hata kama mmeshalipa na hata kama watoto wanalia.

Hapa kuna tatizo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Likizo ya Aprili huangukia katikati ya masika, na likizo ndefu ya mwisho wa mwaka huanza wakati mvua za vuli bado zinanyesha. Maana yake ni kwamba nyakati ambazo familia nyingi zina nafasi ya kusafiri na watoto ndizo nyakati ambazo korongo lina hatari kubwa zaidi. Likizo ya Agosti ndiyo iliyo afadhali, ingawa mkasa wa Septemba 2019 unatukumbusha kwamba kiangazi nacho hakitoi hakikisho. Maoni yangu ni kwamba katika miezi ya mvua, familia yenye watoto wadogo iliache korongo kabisa na itumie siku yake kwenye njia za juu, ambako kuna mengi ya kuona na nafasi ya kutosha ya kuendesha baiskeli. Vijana wenye nguvu na uzoefu wanaweza kuujaribu mzunguko uitwao Buffalo Circuit, yaani mzunguko wa nyati, wenye vilima vya kutosha kuwatoa jasho, mradi wasisahau kwamba haukupewa jina hilo bure.

Kuhusu maisha ya kambini sina mengi. Mbuga ina maeneo rasmi ya kupiga kambi, likiwemo Naiburta na Ol Dubai, na ada hulipwa kwa njia ya kidijitali, kwa hivyo asitegemee mtu noti zilizo mfukoni. Ziwa Naivasha liko zaidi ya mita 1,880 juu ya usawa wa bahari na mbuga inapakana na nyanda hizo hizo za juu, kwa hivyo usiku ni wa baridi kali kuliko watu wa Pwani au Kisumu wanavyotarajia. Kila mtoto awe na blanketi zito, soksi, na kitu cha kutandika chini, kwa kuwa baridi ya ardhini hupenya kuliko ya hewani. Chakula chote kifungiwe garini. Nyani na tumbili wa huko wanajua kufungua zipu ya hema, na mkate ulioachwa mezani huwa si wako tena. Kuni zisikatwe porini. Taka zote zirudi na waliozileta, yakiwemo maganda ya machungwa, ambayo wengi huyatupa wakidhani kwamba hayana madhara, kumbe ndiyo yanayowazoesha nyani kuzifuata kambi.

Ushauri mmoja zaidi kwa wanaoanza: msimpeleke mtoto Hell's Gate akiwa bado hajui kubana breki mbili kwa pamoja. Njia ya kwenda korongoni huteremka kwa sehemu kubwa, na raha ya mteremko humsahaulisha mtoto kwamba atairudia njia hiyo hiyo akiipanda, jua likiwa kali na upepo wa alasiri ukimpiga usoni. Wakazi wa Nairobi wana bahati ya kuwa na Msitu wa Karura, ule uliopiganiwa na Profesa Wangari Maathai na wenzake mwaka wa 1999, ambamo baiskeli zinaruhusiwa na njia zake zinafaa kwa mazoezi ya wikendi kadhaa kabla ya safari. Ni katika njia kama hizo za vilima, kule Kikuyu, ndiko mwendesha baiskeli Mkenya David Kinjah alikomfundisha baiskeli ya mlimani mvulana mmoja aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985, Chris Froome, ambaye baadaye alishinda mbio kuu za baiskeli za Ufaransa, Tour de France, mara nne. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali mnamo Septemba 2025, yakiwa ya kwanza katika ardhi ya Afrika, nimesikia wanafunzi wengi wakizungumzia baiskeli kwa hamu ambayo sikuizoea. Hamu hiyo isipotengenezewa njia salama, wataitimiza kwenye barabara kuu katikati ya malori.

Mwisho, nina ombi kwako wewe, Mhariri. Gazeti hili husomwa majumbani, shuleni na katika vibanda vya mafundi. Ungetusaidia sana ikiwa, wiki moja kabla ya kila likizo ya shule, ungechapisha kwa Kiswahili utabiri wa mvua wa Naivasha na maeneo yanayoizunguka, pamoja na tangazo la iwapo korongo limefunguliwa au limefungwa. Pia ingefaa ukurasa wa vijana utoe maelezo yenye picha ya namna ya kukagua breki na kumvalisha mtoto helmeti. Niko tayari kuyaandaa maelezo hayo pamoja na yule fundi kijana wa bisibisi, ambaye ameshakubali.

Wako,
Mzazi na mwalimu,
Nakuru